Ngano za Dar es Salaam na Historia ya Waliojenga Mji

Kila tabaka linalotawala huacha nyuma yake majengo, sheria na hadithi. Majengo huchakaa na sheria hufutwa, lakini hadithi hubaki midomoni mwa watu muda mrefu baada ya waliozitunga kuondoka. Hadithi za namna hii, zinazopokewa na kurudiwa bila mtu kuuliza zilitoka wapi na zinamfaidia nani, ndizo tunazoziita ngano katika makala haya.

Mtu akiuliza mji wa Dar es Salaam ulianzaje atajibiwa haraka. Palikuwa pori na wavuvi wachache. Akaja Sultani Majid akapapenda, akapaita mahali pa salama. Akaja Mjerumani akajenga. Akaja Mwingereza akapanga. Kisha tukapata Uhuru na watu wakamiminika kutoka mikoani, mji ukajaa na kuharibika. Jibu hili limo vitabuni, limo katika maelezo wanayopewa watalii, na kila mwaka wapo wanafunzi wanaolileta darasani wanapoanza somo la historia ya Chama. Hebu tulitazame kwa makini. Watendaji ndani yake ni watatu: Sultani, Mjerumani na Mwingereza. Wananchi wanaonekana mara mbili tu, mwanzoni kama wavuvi wasio na majina na mwishoni kama msongamano.

Upo ubishi usemao kwamba kuchambua mambo haya ni kazi ya wanachuo, na kwamba kada ana kazi nyingine za haraka zaidi. Sisi hatukubali. Ngano kuhusu mji haziishii barazani. Hugeuka fikra za kiongozi, fikra hugeuka amri, na amri hugeuka tingatinga au mgambo mbele ya meza ya mama anayeuza vitumbua. Hatuna budi basi kuzijua ngano hizi zilivyozaliwa.

ARDHI ILIYOITWA TUPU

Ni kweli kwamba Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, na ni kweli kwamba jina la mji linatokana na mradi wake. Wapo wanaosema asili ya jina ni bandari ya salama, wapo wanaosema ni nyumba ya amani. Ubishi huo una utamu wake kwa wajuzi wa Kiarabu, lakini kwetu swali la kwanza ni jingine: Majid alipokuja alimkuta nani?

Alikuta pwani yenye watu na yenye historia. Upande wa bahari ya wazi, sehemu za Ocean Road ya leo, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Kusini palikuwa na Mbwamaji. Kaskazini palikuwa na Msasani, na mbele zaidi Kunduchi, ambako mpaka leo yapo magofu ya msikiti na makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Kwa hiyo watu wa pwani hii walikuwa na biashara ya mbali, na walikuwa na tabaka lenye uwezo wa kujengewa makaburi ya fahari, muda mrefu kabla Majid hajazaliwa.

Tena palikuwa na siasa. Mapokeo yanaeleza kwamba Washomvi, waliojinasibisha na Barawa, walishambuliwa na Wakamba wakaomba msaada kwa Wazaramo wa bara, waliokuwa chini ya kiongozi wao Pazi. Maadui wakafukuzwa. Tangu hapo Washomvi wakawa wanatoa kila mwaka ushuru ulioitwa kanda la pwani. Msomaji atazame uzito wa jambo hili. Ushuru wa namna hiyo ni mkataba. Unaeleza nani ana haki ya nchi, nani ana haki ya bahari, na nani anamlinda nani. Pori tupu halina mkataba.

Hatusemi hayo ili kudai kwamba palikuwa na usawa. Majumbe wa pwani walikuwa na watumwa, na biashara ya misafara ilikwisha kuwapa baadhi ya wakuu wa bara nguvu juu ya wenzao. Mwanahistoria anayepaka sukari jamii za zamani ili kumkomoa mkoloni hamsaidii mtu. Tunachosema ni kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe.

Sultani hakuja kutafuta amani. Alitaka bandari yenye kina, iliyojificha na mawimbi, ambayo ingekuwa chini ya mkono wake mwenyewe na kuvuta biashara ya bara. Mji wake ulijengwa kwa jasho la watumwa, na mashamba ya minazi yaliyouzunguka yalilimwa na watumwa. Jengo la mawe liitwalo Boma la Kale, lililojengwa wakati wake kwa ajili ya wageni wake, bado limesimama karibu na bandari. Mgeni anayepelekwa kuliona huambiwa kuhusu milango yake ya mbao na kuta zake za matumbawe. Waliobeba matumbawe hayo hawatajwi. Bandari ya salama, naam, lakini salama ya nani? Mtumwa aliyeshushwa hapa akapewa jembe alilijua jina la mji kama sisi tunavyolijua. Maana yake kwake ilikuwa tofauti.

Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuujali mradi ule, na nyumba nyingi zikaachwa kuanguka. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja tajiri wa meli, William Mackinnon, alianza kujenga barabara kutoka hapa kuelekea bara, na kufikia 1881 kazi ikaachwa. Tunataja hili kwa sababu linaonyesha kwamba mtaji wa kigeni ulikwisha kuiona bandari hii miaka kumi kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa.

Kampuni ya Wajerumani ilifungua kituo chake mwaka 1887. Mwanzoni mwa 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani vinavyohusishwa zaidi na jina la Bushiri, misheni ya Pugu ilichomwa na kituo cha Dar es Salaam chenyewe kikashambuliwa. Ni nani hupigania pori tupu? Wenyeji walishindwa kwa bunduki, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa hapa kutoka Bagamoyo. Bandari ilikuwa sababu kuu: Bagamoyo meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali na ufuko.

Ndipo ngano ikavaa joho la sheria. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Nani ataamua kama ardhi ina mwenyewe? Ofisa wa dola hiyohiyo. Mzaramo asiye na karatasi alikuwa hana ardhi. Mwingereza naye, kwa sheria ya mwaka 1923, aliiweka ardhi yote ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana. Hivyo maneno ya "palikuwa pori" hayakuwa maelezo ya mandhari. Yalikuwa hati ya kumilikisha.

MITAA MITATU NA UWANJA MMOJA

Ngano ya pili husema Mzungu ndiye aliyejenga. Majengo yapo na yanapendeza: kanisa la Kilutheri la Azania, kanisa la Mtakatifu Yosefu, hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hakuna anayekana kwamba michoro na mitaji ilitoka Ulaya. Lakini kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliwekwa kwa makusudi mawili, kupata fedha na kupata watu wa kazi, maana asiyekuwa na fedha ya kodi alilazimika kuitafuta kwa kuuza nguvu zake. Hatuwezi kuelewa tuta la reli bila kodi ile. Na hatuwezi kuelewa kwa nini katika mwaka uleule wa 1905, wakati reli inaanza, Kibasila na watu wake katika nchi ya Uzaramo waliingia katika vita vya Maji Maji, bila kuelewa kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Shule ya sekondari mjini ina jina lake. Wanafunzi wangapi wanajua kwa nini?

Baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916, walirithi na kukamilisha mpango wa kuugawa. Hawakuandika kwamba mtaa huu ni wa Wazungu, ule wa Wahindi na ule wa Waafrika. Wangeona haya mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliowapa dhamana ya nchi. Waliandika viwango vya ujenzi. Kanda ya kwanza: nyumba za namna ya Ulaya zenye uwanja mpana. Kanda ya pili: nyumba za maduka na makazi. Kanda ya tatu: nyumba za kienyeji, za udongo na makuti. Mwenye mshahara wa kuli angejengaje nyumba ya kanda ya kwanza? Basi ubaguzi wa rangi ulitendwa na kipato, na sheria ikabaki na mikono safi. Wananchi hawakudanganyika. Waliziita sehemu hizo kwa majina ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, kwa kisingizio cha afya, ili maradhi ya Waafrika yasivuke. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Mkoloni aliutenga ili kuwatenganisha watu, na TANU ikaja kuutumia kuwakusanya. Historia ina mizaha yake.

Jina la Kariakoo nalo linastahili maelezo, kwa sababu wengi hulitamka kila siku bila kujua kwamba wanataja makaburi. Wajerumani walikuwa wameanza kuitenga sehemu hiyo kwa makazi ya Waafrika muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoingia, Waingereza waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa "Carrier Corps", na ndimi za watu wetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nako lipo jina hilohilo, kwa sababu hiyohiyo. Wapagazi walibeba risasi, unga na majeruhi katika misitu ya kusini, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya Askari pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki peke yake. Katika sanamu ya Nairobi iliyosimamishwa wakati huohuo mpagazi yumo. Katika ya Dar es Salaam hayumo, na watu wa mji wana mtaa tu wa kumkumbuka, mtaa ambao sasa unajulikana kwa bei za jumla za vitenge na simu.

DAMU NA UJIRA

Si watawala peke yao waliotunga ngano. Umma nao ulikuwa na zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mumiani. Ilisemwa kwamba wapo watu wanaowakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, na kwamba wazimamoto, au polisi, au watu wa hospitali wanashiriki. Hadithi hizi zilienea katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1959, wakati Uhuru ulikuwa umekaribia, tetesi za mumiani zilizusha ghasia Buguruni.

Wakoloni walicheka wakasema ni ujinga wa washenzi. Siku hizi wapo wasomi wanaokwenda upande wa pili, wakaiona kila hadithi ya mumiani kuwa ni uchambuzi wa kina wa ukoloni. Msimamo wetu uwe wa kati. Hadithi ni ya uongo, na uongo huo uliweza kumtia hatarini mtu asiye na kosa. Lakini haikuzuka hewani. Ilizuka katika mji ambao mtu alitoka kwao akiwa na nguvu, akafanya kazi ya siku kwa siku, akarudi amekonda, na faida ya nguvu zake hakuiona ilikokwenda. Mwananchi aliona kwamba kitu kinatoka mwilini mwake na kwenda kwa wengine. Hakukosea kuona, alikosea kulitaja jina la kitu hicho. Si damu iliyokuwa inachukuliwa, ni kazi.

Waliolitaja kwa jina lake ni makuli wa bandarini. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli zilitia nanga katikati ya bandari, mizigo ikashushwa katika matishari na kuvutwa hadi ufukoni. Wengi wa wapakuaji walikuwa vibarua wa kutwa. Siku ya meli kuna kazi, siku isiyo ya meli hakuna posho. Watu hawa, ambao ripoti za serikali ziliwaona kama umati usio na fikra, waligoma mwezi Julai 1939. Waligoma tena 1943, wakati vita vya pili vimepandisha bei ya chakula na nguo. Septemba 1947 mgomo ulioanzia bandarini ukawa mgomo wa mji mzima, kisha ukapanda reli kwenda bara, kituo kwa kituo, kwa njia ileile ambayo mali ya nchi ilikuwa ikishukia. Serikali ikalazimika kukubali mishahara ipandishwe.

Hapo pana fundisho la nadharia ambalo wanafunzi hawana budi kulishika. Reli ilijengwa kusafirisha pamba, katani na karanga. Haikujengwa kusafirisha umoja wa wafanyakazi. Lakini chombo cha unyonyaji kikishakuwapo kinawaunganisha wanyonywaji pia, mkoloni apende asipende. Mwezi Februari 1950 mgomo mwingine wa makuli uliishia kwa mapambano na polisi, na chama chao kikavunjwa. Viongozi walifungwa, lakini ujuzi wa kujipanga haukufungwa. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa katibu wa chama cha makuli baada ya mgomo wa 1947, ni mmoja wa walioshika uongozi wa chama cha Waafrika katika miaka iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, Lumumba ya leo.

Hatuna budi kuongeza kina mama, kwa sababu historia zilizoandikwa na wanaume huwaweka ukurasa wa mwisho. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, hakwenda ofisini. Aliviendea vikundi vya lelemama vya mji huu, vilivyokuwa na viongozi wao, michango yao na nidhamu yao. Mkoloni aliona ngoma. Kumbe ilikuwa jumuiya iliyokwisha kupangwa, inayongoja kupewa kazi. Wanawake hawa wengi waliishi kwa kupika na kuuza, kukodisha vyumba, kuuza pombe na maandazi. Yaani walikuwa ndio hao ambao sheria za mji ziliwahesabu kuwa watu wasio na shughuli.

NENO "MHUNI" NA SAFARI YAKE

Hapa tunafika kwenye ngano ya mwisho, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa sababu haikuondoka na mkoloni. Ni ngano ya mzururaji.

Mkoloni alihitaji kazi ya Mwafrika mjini, lakini hakumtaka Mwafrika mwenyewe aishi mjini. Alitaka mtu atoke kijijini, afanye kazi kwa mshahara wa bachela, arudi kijijini kuzeekea, na gharama za kumlea, kumuuguza na kumzika zibebwe na mkulima. Kila aliyebaki mjini bila mwajiri anayejulikana akawa tatizo. Mwaka 1923 ilitungwa sheria juu ya watu mafukara. Mwaka 1944 ikaja nyingine, kali zaidi, ya kuwaondoa katika miji watu wasiotakiwa. Neno la Kiswahili lililobeba shehena hiyo yote ni mhuni. Kijana anayeuza maji, aliyekosa kibarua siku hiyo, mwizi wa kweli, na mtu aliyekuja kumzika nduguye, wote waliweza kuwekwa kapu moja wakapandishwa gari moja kurudishwa makwao. Wengi walirudi mjini.

Walirudi kwa sababu ya hali ya uchumi, wala si kwa ukaidi. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu kiasi cha 69,000. Mwaka 1957 kiasi cha 129,000. Bei za mazao, ukame na uwiano wa maisha kati ya kijiji na mji vina nguvu kuliko askari wa doria.

Uhuru ulipopatikana, serikali ya wananchi ilifuta mengi. Umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1971 majumba makubwa ya kupangisha yalitaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mji ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. FRELIMO ilizaliwa hapa 1962, na hapa ndipo Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Mji wenye jina la amani ulikuwa nyuma ya mstari wa mbele, na wakazi wake waliijua gharama yake. Katika miaka ya 1970 serikali iliacha kubomoa makazi yaliyojengwa bila vibali, ikaanza kuyatia barabara na maji, kama ilivyofanyika Manzese, na kupima viwanja vya wananchi sehemu za Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na ni makosa kuyasahau.

Lakini neno mhuni lilibaki mezani, na mikono mipya ikaliokota. Mwaka 1976 palikuwa na operesheni ya kuwaondoa mjini wasio na kazi na kuwapeleka vijijini. Mwaka 1983 ikatungwa sheria iliyojulikana kwa watu wote kama Nguvu Kazi. Nia yake ilielezwa kuwa ni njema: kila mtu afanye kazi, na uzalishaji uongezeke wakati nchi iko katika dhiki kubwa. Azimio la Arusha lilikuwa limesema wazi kwamba jasho ndiyo msingi wa maendeleo, na hakuna mjamaa anayeweza kutetea ukupe. Swali ni nani aliyekamatwa. Kupe mkubwa, mlanguzi mwenye ghala, alikuwa na kitambulisho cha kazi. Aliyekosa kitambulisho ni muuza karanga, fundi wa viatu wa kando ya njia, mwanamke anayepika uji alfajiri. Kiwandani mishahara ilikuwa haifiki nusu mwezi, na familia za wafanyakazi wenye vitambulisho ziliishi kwa uji na karanga za hao wasio na vitambulisho. Kwa maneno mengine, sheria ilitambua kazi kwa kuangalia mwajiri, kama mkoloni alivyofanya, badala ya kuangalia kama mtu anazalisha kitu ambacho jamii inakihitaji.

Wapo ndugu watakaosema kulinganisha hivi ni kulitukana Taifa huru. Hapana. Mkoloni alimfukuza mtu ili amnyonye akiwa kijijini. Serikali huru ilitaka kumpa shamba. Makusudi hayakuwa sawa. Lakini uchambuzi wa kitabaka hautazami makusudi peke yake. Hutazama chombo kinachotumika na mgongo unaopigwa. Chombo kilikuwa kilekile. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulionya juu ya kiongozi anayewatendea wananchi kwa ubabe na kiburi cha cheo, na onyo hilo halikuwa limeandikwa kwa ajili ya mameneja wa viwanda tu.

Leo mji si ule. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kiasi cha 273,000. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.38. Uamuzi wa TANU wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulichukua zaidi ya miaka arobaini kutekelezwa kikamilifu, na Wizara zilipohama tangu 2016 wapo waliotabiri kwamba Dar es Salaam itapwaya. Haikupwaya, kwa kuwa haikuwa ikiishi kwa Wizara. Mji huu huishi kwa bandari, na kwa mamilioni ya watu wanaonunua asubuhi na kuuza jioni. Vijana waliouita Bongo, kwa maana kwamba ukiishi hapa lazima utumie akili, walikuwa wanaeleza uchumi wake vizuri kuliko ripoti nyingi.

Na jina la mhuni limepungua. Kwa muuzaji wa barabarani jina ni machinga. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mtu huyu akawa na karatasi ya dola inayosema kwamba anachofanya ni kazi. Tofauti kati ya kitambulisho hicho na kile cha Nguvu Kazi ni kubwa kuliko inavyoonekana, ingawa karatasi bila mahali pa kupanga bidhaa ni nusu ya haki. Mwaka 2021, Julai, soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 liliungua. Mwishoni mwa mwaka huohuo machinga waliamriwa kuondoka katika hifadhi za barabara na kwenda maeneo waliyotengewa. Barabara ni ya wote, na mwenye mguu mbovu au mama mwenye mtoto mgongoni ana haki ya njia. Hoja hiyo ni ya haki na kada asione aibu kuisimamia. Lakini mwenyekiti wa tawi aliyeitwa kuieleza amri ile alikuwa na maswali ya kuuliza kabla ya kusimama: eneo jipya liko umbali gani na wanunuzi wanapitia wapi, nani alishirikishwa kulichagua, na kwa nini katika mikutano ile watu waliozaliwa Temeke na Ilala bado waliambiwa warudi kwao wakalime. Baada ya miezi michache meza zilianza kuonekana tena, moja moja, Kariakoo na Mnazi Mmoja.